Naomba ushauri: mbolea ya yurea kwa miti ya majani ya sindano, shamba liko Mambrui

Kijana wa Mambrui:
Assalaam aleikum wanajukwaa. Nina shamba la miti upande wa Mambrui, kiasi cha ekari moja na nusu, udongo wa kichanga. Miti ni ya majani membamba kama ya misonobari. Kwa muda sasa mashina hayanenepi, na sehemu moja ya shamba imeanza kugeuka manjano. Nimesoma kwamba wenye misitu ya misonobari kule Uswidi humwaga nitrojeni kiasi cha kilo 150 kwa hekta, na miti hunenepa kwa miaka saba hadi kumi baada ya hapo. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, kwa hiyo hesabu yangu inafika karibu mifuko minne. Swali langu ni moja tu: nimwage kabla ya masika au mvua ikishashika?

Fundi Paa, Lamu:
Wa aleikum salaam. Mimi nitasema upande wa mbao, kwa sababu ndio ninaoujua. Ukataji wa mikoko ulipopigwa marufuku mwaka 2018, wengi wetu tulilazimika kutafuta boriti za shambani, na hapo ndipo nilipojifunza kuupima mti kwa uzito wake mkononi kabla ya kuulizia bei. Msonobari uliokuzwa haraka kwa mbolea mara nyingi huwa na pete pana zenye mbao laini zaidi. Unene usikudanganye, ndugu yangu. Anayelala chini ya paa anataka ugumu.

Mkaa Gede:
Kabla hatujafika kwenye mvua, tuambie ni mti gani hasa. Misonobari si mti wa ufuo wetu. Mbolea ya Uswidi ina sababu yake: kule baridi huchelewesha kuoza kwa majani yaliyoanguka, nitrojeni ikafungika ardhini, na mti ukaishi kwa njaa juu ya chakula kilichofungwa. Pale Flakaliden, kaskazini mwa Uswidi, jaribio la misprusi, miti ya jamii ya misonobari, lililoanza mwaka 1987 lilionyesha kwamba virutubisho viliongeza ukuaji kwa kiasi kikubwa sana, ilhali maji peke yake hayakusaidia sana. Mti uliolishwa huongeza majani, majani yakanasa mwanga zaidi, na shina likanenepa. Sasa, joto la Malindi na mchanga wa Mambrui vina njaa hiyo hiyo?

Kijana wa Mambrui:
Ni mivinje. Sikuona haja ya kutaja kwa sababu majani ni yale yale ya sindano, na mti ni mti, chakula ni chakula. Isitoshe, yurea imeshanunuliwa na iko stoo. Kuna mnunuzi wa nguzo aliyenipa kiasi cha pesa mbele, naye anataka unene fulani. Siwezi kurudi nyuma. Naomba nijibiwe kuhusu mvua.

Mama Mwenye Kisima:
Mwanangu, pesa ya mbele imewatoa wengi usingizini. Lakini hata ukiacha deni, fikiria majirani zako. Yurea ikishageuka nitrati, yaani nitrojeni inayoyeyuka majini, kwenye mchanga, mvua kubwa huishusha hadi kwenye maji tunayochota. Shamba ni lako, maji ni ya mtaa.

Mkaa Gede:
Jina la mti limebadilisha jibu lote. Mvinje si jamii ya misonobari. Hizo unazoziita sindano ni vijiti vyenye vifundo, na majani yenyewe ni magamba madogo yanayozunguka kila kifundo. Zaidi ya hapo, mizizi ya mvinje hukaa na bakteria wa Frankia, ambao huchukua nitrojeni hewani na kumpa mti. Ndiyo maana mvinje ulishika kwenye machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji kule Bamburi, ambako René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti miaka ya sabini mwanzoni, mahali pasipokuwa na udongo wa kusema. Majongoo wakala vijiti vilivyoanguka, na rutuba ikajengeka. Ukimwaga nitrojeni nyingi, mti hupunguza kutengeneza vinundu vya bakteria hao mizizini. Utakuwa unalipia kazi ambayo mti uliifanya bure.

Mpekuzi:
Wanajukwaa, mimi nina shaka na kisa hiki. Mtu wa Mambrui, anayeona mivinje kila siku, asiutaje kwa jina mpaka aulizwe? Kisha hesabu ya mifuko imekuja kamili tangu ujumbe wa kwanza. Naona huyu ni muuza mbolea anayetaka neno yurea lizunguke humu. Kama shamba lipo, achimbue mizizi atueleze alichokiona.

Kijana wa Mambrui:
Siuzi mbolea, na maneno hayo yameniumiza. Nimechimbua. Kwenye mti wa kijani nimekuta, chini kidogo tu ya mchanga, vinundu vya kahawia vilivyoshikana kama tawi la tumbawe, vigumu kwa nje, vikubwa kuliko ncha ya kidole gumba. Kwenye miti ya manjano, ile ya upande wa mwisho niliyopanda kwa miche ya kununua, sikukuta hata kimoja. Mizizi ni misafi kabisa. Hili halikuwa akilini mwangu, lakini bado sioni kwa nini miti hiyo isipewe yurea.

Mpekuzi:
Maelezo hayo hayatungwi mezani. Nimeridhika.

Mkaa Gede:
Miche hiyo huenda ilikuzwa kwenye udongo usio na bakteria wale. Chukua vinundu vibichi pamoja na udongo wa chini ya mivinje yako mizuri, viponde, uvichanganye na maji, kisha uvifukie karibu na mizizi ya miti ya manjano masika yakishalowesha ardhi. Bakteria hao wanahitaji fosforasi, na mchanga wetu mara nyingi ni maskini wa hiyo, kwa hiyo TSP kidogo, yaani mbolea ya fosforasi, ina maana kuliko yurea. Punguza pia miti iliyobanana. Yurea ikiachwa wazi juu ya mchanga wenye joto, hasa wenye chokaa ya matumbawe, nitrojeni yake nyingi hupotea hewani. Kabla hujanunua chochote, peleka udongo na vijiti vikapimwe. Kituo cha utafiti wa misitu kiko hapa Gede.

Kijana wa Mambrui:
Nitafukia vinundu, na mifuko mitatu nitajaribu kuirudisha dukani. Mmoja nitaubakiza: mstari mmoja wa manjano nitautilia yurea na kuufunika kwa udongo, mwingine nitautilia vinundu na TSP, wa tatu nitauacha. Mnunuzi nimempigia, amesema atakuja kuipima miti mwenyewe.

Fundi Paa, Lamu:
Akija, mwombe akate mmoja kwenye kila mstari, na unipe uzito wake.