Wagombea wakija, mafundi gereji na wauza spea wa Mwanza tudai nini?

Spea_Mabatini:
Wakuu, habari za jioni. Mafundi na wauza spea wa Nyamagana na Ilemela tunaandaa karatasi ya madai ya kuwakabidhi wagombea ubunge na udiwani. Orodha imeshakuwa ndefu: VAT, maeneo ya gereji, spea feki, mikopo, mafunzo. Kila mgombea anajibu "nimelichukua", na linaishia hapo. Tutangulize yapi, na tuyaandikeje ili mtu abanwe nayo baadaye?

Nyakato_Gereji:
Mkuu, karatasi ziwe mbili. Diwani hana mkono kwenye VAT ya 18%. Hiyo inaguswa na Sheria ya Fedha, ambayo Bunge hupitisha Juni na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwa mbunge msiandike "tupunguziwe kodi". Tajeni spea zenyewe: brekpedi, tairodi na boljointi (viungo vya usukani na magurudumu), pamoja na namba zake za forodha. Ombeni za usalama tu. Mkiomba spea zote, serikali itapiga hesabu ya mapato yanayopotea na hoja itafia hapo. Na madai yafike mapema, kabla bajeti haijasomwa.

Diwani mbaneni kwenye ardhi. Gereji iliyo kwenye hifadhi ya barabara huvunjwa bila fidia siku barabara inapopanuliwa. Dai liwe eneo lililopimwa, lenye matumizi ya gereji kwenye mpango wa mji, na tarehe ya kulipeleka kwenye baraza la madiwani. Mwulizeni pia ile 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo (4% wanawake, 4% vijana, 2% wenye ulemavu): kikundi cha mafundi vijana kilichosajiliwa kinaweza kukopa skana (kifaa cha kusoma hitilafu za gari) kwa njia hiyo.

Waya_wa_Njano:
Mmesahau kubwa kuliko yote: haki ya kutengeneza. Skana ya bei ndogo ukiichomeka kwenye tundu la pini 16 inasoma namba za hitilafu za injini, basi. Kwenye magari mengi mapya, ukibadilisha kontrol boksi (kompyuta ya gari) au ukitaka kuprogramu funguo, mfumo unadai idhini ya kiwanda kwa mtandao. Fundi wa Igoma anajua kosa liko wapi na spea anayo mkononi, lakini gari haliwaki. Inauma.

Afrika Kusini Tume yao ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza Julai 1, 2021: mwenye gari anachagua gereji, na gereji huru zipate taarifa za kiufundi. Marekani, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2012. Mbunge aulizwe jambo moja: ataishinikiza FCC, yaani Tume ya Ushindani ya hapa kwetu, iandae mwongozo kama huo, ndiyo au hapana?

Kirumba_Oili:
Naunga mkono, ila oili chafu isiachwe nje. Injini ya 1NZ ya Toyota IST inatoa karibu lita 3.7 kila sevisi. Gereji yenye magari matano kwa siku inajaza pipa la lita 200 ndani ya siku 11. Ikimwagwa kwenye mtaro inaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Diwani adaiwe kituo cha kukusanyia chenye sakafu ya zege na paa, na mkusanyaji mwenye kibali. Nasi tusichanganye: oili iliyoingia petroli au kulanti (maji ya rejeta) mkusanyaji anaikataa, na pipa zima linabaki kwako.

Spea_Mabatini:
Asanteni sana wakuu. Na feki?

Nyakato_Gereji:
Feki anzeni na brekpedi. Mbovu inabanduka kwenye bati lake gundi ikipata moto, na mteremko wa Bugando unatosha kuipasha. Msidai misako ya madukani, maana muuza rejareja anapoteza mzigo na aliyeuingiza anaendelea. Daini TBS (shirika la viwango) wapime sampuli za brekpedi zinapoingia nchini, na risiti iandike namba ya spea na jina la mtengenezaji. Risiti iliyoandikwa "spea" tupu haimsaidii mteja kudai chochote, wala ninyi kumfikia aliyewauzia.