Kufundisha mbwa kufuata harufu: nianzeje?

Mdau wa Mafinga: Wakuu, heshima kwenu. Nataka mbwa wafuate njia ya harufu kama wale wa Waingereza waliokuwa wakiwinda mbweha. Nianzeje, na kwa nini jua likipanda wanazunguka tu?

Kijana wa Njombe: Kwanza mkuu, kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa. Hata Uingereza na Wales sheria ya 2004 ilipiga marufuku kuwinda mbweha kwa mbwa, ikaanza kutumika Februari 2005. Wengi siku hizi huburuta kitambaa chenye harufu, nawe fanya hivyo.

Chukua kipande cha gunia, kifunge kamba ya mita 3, kiloweke kwenye maji ya dagaa. Usitumie utumbo wa mbuzi, utawafundisha kukimbiza mbuzi wa majirani! Buruta mita 200 upepo ukikusukuma mgongoni; ukija usoni, mbwa atainua pua na kukata njia. Mwishoni acha nyama, kisha rudi kwa njia nyingine, la sivyo nyayo zako zitamchanganya. Subiri dakika 15 ndipo umwachie.

Mzee wa Uyole: Jua na upepo vikikausha umande, harufu hutawanyika. Anza alfajiri kwenye nyasi mbichi, epuka palipochomwa moto. Mtoto wa mbwa mfunge pamoja na mbwa mzoefu mmoja, asiyebweka ovyo. Huyo mzoefu akibweka bila harufu, wote watamfuata na kazi imeharibika.

Mdau wa Mafinga: Shikamoo mzee, nimeelewa. Kona niweke lini?

Mzee wa Uyole: Marahaba. Akishamaliza mstari ulionyooka bila kuinua kichwa.