Naomba ushauri: kuvuka na van kwa meli, Harwich hadi Uholanzi

MpishiWaReading
Habari za humu wakuu. Niko Reading, Uingereza, napika kwenye shughuli. Mdogo wangu anaoa Rotterdam mwezi ujao na mpishi mkuu ni mimi, hata sikuulizwa. Nataka kupanda na van yangu meli ya Stena Line, Harwich hadi Hoek van Holland. Nitabeba masufuria makubwa, mchele, viungo, nazi, na nyama ya mbuzi niliyoigandisha maana bucha langu la huku naliamini. Wifi naye kaagiza marobota mawili ya vitenge auze kwa wageni. Nina kibali cha kudumu cha Uingereza, pasi ya Tanzania. Nikate tiketi ya kawaida tu?

BahariaMstaafu
Hongera dada. Anza na pasi kabla ya masufuria. Kibali cha Uingereza hakikuingizi Uholanzi, unahitaji viza ya Schengen. Bila hiyo, pale kaunta Harwich hupandi, kwani kampuni ikivusha mtu asiye na hati msala unakuwa wao. Mwezi mmoja ni mdogo mno. Miadi ya viza itafute leo.

ChumaUlete
Nyama sahau. Tangu Waingereza wajitoe Umoja wa Ulaya, msafiri anayetoka kwao haingizi nyama wala maziwa. Januari 2021 runinga ya Uholanzi iliwaonyesha watu wa forodha wakiwapokonya madereva mikate kisa ina nyama ndani. Mkate! Wewe unakuja na mbuzi mzima. Rotterdam bucha za Waturuki na Wamoroko zimejaa.

MpishiWaReading
😂😂 Haya, mbuzi kashuka. Na nazi?

BintiKilwa
Nazi zinapita. Matunda mabichi mengi yanadaiwa cheti cha afya ya mimea, ila nazi, ndizi, nanasi, tende na durian zimesamehewa. Mchele na viungo vikavu havina shida.

Tatizo lako ni vitenge. Kampuni hizi zina milango miwili, abiria na mizigo, na kinachoamua upite upi ni ulichopakia. Masufuria ya kumpikia mdogo wako bila malipo, ukarudi nayo, ni vitu vyako. (Ukilipwa hiyo ni kazi, na viza ya matembezi haikuruhusu kazi.) Lakini robota la kuuza ni bidhaa, na ule msamaha wa euro 430 kwa msafiri wa melini hauhusu biashara. Hapo unatakiwa kukata nafasi upande wa mizigo, uwe na tamko la kutoa mzigo Uingereza na la kuuingiza Uholanzi, namba ya EORI (ya kukutambulisha forodhani), ushuru, na VAT ya Uholanzi 21%. Hati zinasajiliwa mapema kwenye mfumo wa bandari, Portbase. Usipofanya hivyo utaishia getini ukitazama malori ya maua na nyanya yakipishana.

Halafu wifi anaagiza vitenge Uingereza vya nini? Vlisco, watengenezaji wa vitenge, wako Helmond hapo hapo Uholanzi tangu 1846. Akipanda treni asubuhi, mchana kesharudi.

MpishiWaReading
Nimempigia. Kanuna, ila kaelewa 😅 Sasa safari yenyewe ikoje?

BahariaMstaafu
Chukua ya usiku. Inang'oa nanga kama saa tano, asubuhi uko Hoek. Usiku kebini ni lazima, hivyo iweke kwenye bajeti. Ukikata tiketi taja urefu na kimo cha van, pamoja na keria ya juu. Sitaha ya magari inafungwa meli ikiondoka, kwa hiyo dawa, chaja na nguo za kulalia panda nazo juu. Bandika stika ya UK, ile ya GB haitambuliki tangu Septemba 2021. Meli zenyewe ni Hollandica na Britannica, mita 240 kila moja. Usifikirie boti ya Zanzibar, ingawa Bahari ya Kaskazini ikichafuka hata hizo zinayumba, usile sana.

MpishiWaReading
Ahsanteni sana. Mama naye anataka kuja, ila van ina viti viwili na cha pili ni cha msaidizi wangu.

BintiKilwa
Wanauza tiketi ya treni na meli kwa pamoja: London Liverpool Street hadi Harwich International, stesheni iko bandarini kabisa. Akishuka Hoek, metro ya laini B inamfikisha Rotterdam. Naye viza yake muombee sasa hivi, kama hana pasi ya Uingereza.