Nimezoea transpozi, Jumamosi sijui nitafanyaje

Mpiga_Kayole: Wadau, napiga kinanda kanisani mwaka wa nne huu. Ukweli ni kwamba najua doh moja pekee, yaani sauti moja ya msingi wa wimbo: C. Mwimbaji akianzia Eb naweka kitufe cha transpozi +3, kinanda chenyewe kinapandisha sauti nusu-hatua tatu, vidole vinabaki palepale. Je, mtu anaweza kujifunza doh nyingine kwa siku tano?

MamaAlto: Njia za mkato hizo. Sisi tulikuwa na karatasi ya solfa tu, ile ya doh-re-mi. Doh ikihama, tunahama nayo.

BesiNzito: Watu wa C mmenitesa! Wetu mmoja aliniambia "ni C", kumbe ameweka +3. Nimepiga C kwenye gitaa la besi ubeti mzima, mchungaji amefumba macho, nikadhani ni upako. Wiki iliyofuata akasahau kurudisha sifuri. Ndugu, kwa vinanda vingi ni kubonyeza + na − kwa pamoja tu!

Kaptula: Kwani Jumamosi kitufe kinaenda wapi?

Mpiga_Kayole: Ni harusi tu.

Kaptula: Jibu swali.

Mpiga_Kayole: Sawa. Ni Karen, kule kwa matajiri wa Nairobi, na kuna piano. Ile ya nyuzi, haina umeme wala kitufe. Lakini msiniambie nikatae, malipo ya kwanza nimeshalipia nyumba. Hata Irving Berlin, yule mtunzi wa nyimbo wa Marekani, alipiga F# karibu maisha yake yote.

SolfaMkongwe: Berlin alikuwa na piano yenye wenzo wa kuhamisha doh. Ya Karen haina. Usihangaike na doh zote 12. Mwombe mwimbaji akubali F au G. Kwa F shika kordi za F, Bb, C. Kwa G shika G, C, D, na kila F ya kawaida igeuze F#. Anza na mkono wa kushoto pekee, polepole, na hicho kitufe kibandike selotepu leo hii.

MamaAlto: Na aache kula pesa ya kazi ambayo hajafanya.

Shahidi33: Hekaya. Wenye piano Karen wamtafute mtu wa C? Na si ni wewe mwezi jana ulikuwa unauza kinanda hapa?

Mpiga_Kayole: Kilikuwa cha kaka yangu.

Shahidi33: Kaka, eti.

BesiNzito: Ngojeni. Kayole, mwaka wa nne, +3... Kanisa la mabati ya kijani, karibu na posho mill?

Mpiga_Kayole: Wewe ni nani?

BesiNzito: Si hekaya, Shahidi. Ni yeye! Ndiye aliyeniambia "ni C"!

Mpiga_Kayole: Bro, yaliyopita si ndwele. Jumamosi uko huru? Nitakulipia nauli.

BesiNzito: Kwa doh gani?