Naomba ushauri: riwaya yangu ya kisayansi inagusa dini

Wakubwa shikamooni. Niko Mikindani, Mtwara, naandika riwaya ya miaka mia ijayo. Mvua imekatika, mji mzima unategemea mtambo mmoja wa kusafisha maji ya bahari. Mafundi wake wamejigeuza makuhani: kuuliza unavyofanya kazi ni kufuru, na anayebisha anakatiwa maji. Mwandishi wa Marekani Isaac Asimov alishapita njia hii kwenye riwaya yake Foundation (1951), ambapo mafundi wa nguvu za atomiki wanaendesha mitambo wakiwa na vyeo vya ukuhani.

Kinachonikwamisha ni historia yetu. Mwaka 1905, kwenye vilima vya Umatumbi huko Kilwa, dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale iliwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Pale imani ilikuwa silaha ya wanyonge. Nikionyesha makuhani waongo peke yao, naona nawadhulumu wazee wale.

Halafu kuna mama yangu, mtu wa swala tano. Nataka aisome asiumie.

Je, nibuni dini mpya kabisa? Na anayewapinga makuhani, naye awe muumini? Naombeni mawazo, nimekwama sura ya nne.