UKOO WA TUKUYU 🎄 Krismasi kwa Baba Mkubwa

*Jumamosi, 20 Desemba*

Atupele 06:12
Ndugu zangu, za asubuhi. Nakumbusha mara ya tatu. Mkate wa kumimina hautajipika wenyewe. Tuko 34, nataka sufuria nne, na uliwe wa moto baada ya chakula, siyo kukatwa kesho yake kama tofali. Mchele wa Kyela kilo 4, nazi 8, sukari kilo 2, iliki, hamira, mayai. Nani analeta nini?

Atupele 08:40
Mmesoma watu 19. Nawaona.

Lusajo 08:41
Mimi naleta mdomo 🙈

Atupele 08:41
Uko Dar, nazi ni zako. Panda nazo basi.

Lusajo 08:44
Nazi 8 zikianza kubingirika pale Kitonga abiria watanishusha. Si kuna tui la pakti?

Shangazi Uyole 08:52
La pakti weka kwenye chai yako.

Gwakisa 09:10
Shikamoo shangazi. Yai zima au ute? Mke wangu anaweka zima.

Shangazi Uyole 09:15
Marahaba. Ute tu mwanangu, kiini kinaugeuza keki. Mchele ulale kwenye maji usiku kucha, usagwe na tui mpaka ukiusugua kwenye vidole usisikie chenga. Maji usiongeze. Ute na sukari vinaingia mwishoni, ukishaumuka.

Atupele 09:17
Na Tukuyu siyo Dar, kwa mvua hizi hamira haiumuki kwa saa moja. Bakuli lifunikwe kitenge, likae karibu na jiko la kuni.

Subilaga 09:30
Moto chini kidogo, juu mwingi. Tusirudie ya Ipinda.

Lusajo 09:30
😂😂😂 IPINDA! Chini lami, juu uji

Gwakisa 09:31
Mchungaji alikula ule wa juu kwa kijiko, akasema ndaga fijo, yaani asante sana 😂

Lusajo 09:31
Na hakurudi tena

Atupele 09:33
Hebu tusitoke kwenye mada. Sufuria. Nikisema nne, ya kwanza ni ile ya Bibi, nzito, yenye mfuniko bapa unaobeba makaa. Iko wapi?

Atupele 11:20
Nimeuliza sufuria.

Subilaga 11:48
Aulizwe aliyeondoka nayo siku ya arobaini.

Shangazi Uyole 11:50
Subilaga, kama unanisema mimi nitaje jina.

Subilaga 11:51
Sijataja mtu shangazi.

Shangazi Uyole 11:55
Niliiazima mbele ya watu na nikairudisha mbele ya watu. Imepotea baada ya sendofu ya Tusa. Sasa ngoja niache.

Tusajigwe 11:58
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Gwakisa 11:58
Tusa, nimeshasoma 👀

Lusajo 11:59
Mimi sijasoma, rudisha

Baba Mkubwa 13:05
🎤 Ujumbe wa sauti (1:47)

Lusajo 13:20
Shikamoo baba mkubwa. Jamani nipo kwenye daladala, kelele tupu. Kasema nini?

Gwakisa 13:21
Sikiliza mwenyewe.

Lusajo 13:21
Kakasirika?

Subilaga 13:26
Angekuwa amekasirika ingekuwa nafuu. Anaongea taratibu. Kasema mama yake aliinunua ile sufuria kwa pesa ya mpunga wa msimu mzima, na sisi wote tumekula humo. Isipofika kabla ya mkesha, mkate usipikwe. Tule ndizi tulale.

Shangazi Uyole 14:30
Nimekusikia kaka.

Atupele 19:02
Haya. Mchele Gwakisa, sukari, iliki na hamira mimi, mayai Subilaga, nazi Lusajo. Mkaa bado. Sufuria, tumemsikia Baba Mkubwa.

Gwakisa 19:40
Nitaweza kilo 3, ya nne tuchange. Na ni Kyela kweli, siyo ule wa kuchanganywa.

Lusajo 19:41
Nazi 5

Atupele 19:41
NANE.

Ambakisye 21:47
Shikamooni wakubwa. Samahani, simu haikuwa na chaji. Hivi Krismasi mwaka huu ni kwa nani?

Lusajo 21:47
😂😂😂

Atupele 21:49
Ambakisye, soma jina la kikundi. Halafu mkaa ni wako.

Tusajigwe 22:15
Mfuniko ninao mimi. Sufuria siijui.

Atupele 22:16
Tusa nipigie.

Atupele 22:31
Tusa