Oldi skuli inakwama nikiwa hafu gadi, naomba swipu ya akiba

Chini_Daima: Wakuu, nimekwama. Mchezo wangu wote wa jiu-jitsu ni wa hafu gadi (niko chini, nimenasa mguu mmoja wa mpinzani kwa miguu yangu), nao umesimama juu ya swipu moja (kumpindua aliye juu ili niwe juu mimi), oldi skuli. Nalala ubavu wa kulia, mguu wake wa kulia nimeunasa, mkono wangu wa kushoto umepita chini ya kwapa lake la kulia hadi mgongoni, wa kulia unashika vidole vya mguu huohuo ulionaswa, kisha namsukuma aangukie kushoto kwake. Sasa wote ninaocheza nao wameijua. Wanatanua goti la kushoto, wanabana mkono wangu kwa wiza (mkono wao unauzungukia kwa juu ule wangu wa kwapani), nalazwa chali. Naomba mbadala moja au mbili. Tafadhali msije na "ongeza mazoezi".

Tapu_Mapema: Swipu bora ni kukaa juu tangu mwanzo. Karibuni.

Fundi_wa_Gadi: Mpuuze huyo. Mkuu, akitanua goti la kushoto amekuletea swipu ya pili mkononi. Achia vidole vya mguu, panda magotini, mkono wa kulia uende nyuma ya goti lile lililotanuka. Usilivute. Lizuie tu lisirudi kumtegemeza, halafu bega lako la kushoto lisukume kifua chake kuelekea upande huohuo. Wengi wanaharibu kwa kuacha nyonga nyuma: wanasukuma kwa mikono huku makalio yako mbali, jamaa anarusha miguu nyuma na kuwalalia. Nyonga ziingie chini yake kwanza. Na kichwa kiwe juu, kimegandamana na kifua chake, kikining'inia chini unajitafutia kukabwa shingo.

Mzee_wa_Pointi: Watu wanasahau kanuni. Chini ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazil, swipu ni pointi 2, na hazihesabiki mpaka umtulize juu kwa sekunde 3. Ukimpindua naye akageuka hapohapo, huna kitu zaidi ya advanteji, ile alama ndogo ya kuvunja sare. Ila akikupa mgongo wakati anakimbia, kulabu zote mbili (miguu yako ndani ya mapaja yake) zikiingia ni pointi 4. Kwa hesabu hiyo mimi nisingehangaika na swipu hata kidogo, ningetumia mkono wa kwapani kutafuta mgongo.

Chini_Daima: Asanteni. Fundi, hiyo ya goti naifahamu, ila hainifai sana. Hakuna isiyohitaji kupanda magotini?

Dada_Kimura: Kwa nini isikufae? Mtu mwenye mkono kwapani asiyepanda magotini anasubiri kulazwa chali, wala si swali la swipu. Wiza inakubana ukiwa nusu njia, kiwiko kimeachana na mbavu. Na akikubana, uzito wake unaelekea wapi, kwako au mbali nawe?

Chini_Daima: Ni wazito tu dada. Sina kasi ya kupanda.

Dada_Kimura: Sikuuliza kilo. Nimeuliza unaelekea wapi. Na kasi haihusiki, kupanda ni kusogeza nyonga na kukunja goti la chini. Goti la chini lina nini?

Chini_Daima: Haya. Goti la kulia liliteguka mazoezini, ligamenti ya ndani. Kukunja na kunyoosha naweza. Nikiliwekea uzito huku mtu ananisukuma kwa pembeni, linataka kuingia ndani. Mashindano yamekaribia na nimeshajiandikisha, kwa hiyo suala la kwenda au kutokwenda tuliache. Nimeuliza swipu.

Babu_Mkeka: Hapo sasa. Kijana, kabla ya swipu uliza goti. Ligamenti ya ndani haipendi kusukumwa kutoka nje kuingia ndani, na hafu gadi nzima ni msukumo wa namna hiyo. Mwambie mtaalamu wa viungo alipime ukiwa umetulia, maana ukiwa na joto la mchezo hutahisi kitu. Vijana mna haraka, viungo havina vipuri.

Msoma_Nyuma: Kumbukeni hata Roberto "Gordo" Correa, mwanajiu-jitsu wa Brazil, anatajwa kuwa aliikuza hafu gadi kwa sababu ya goti lililoumia. Kabla yake wengi waliiona kama kituo cha mwisho kabla ya kupitwa, yaani mpinzani kuvuka miguu yako.

Chini_Daima: Mnaona? Gordo mwenyewe.

Dada_Kimura: Gordo alibadili mchezo ili alilinde goti. Wewe unabadili swipu ili uendelee kulitwanga.

Shahidi_wa_Pili: Samahani, mimi nanusa chai. Kama hawezi kupanda magotini, ile oldi skuli anaimalizaje? Inamalizikia magotini pia. Kaandika mwanzo kwamba mchezo wake wote ni hiyo, goti limetokea baada ya kubanwa. Huyu kasoma swipu mahali anataka tubishane.

Tapu_Mapema: Chai yenye tangawizi. Weka video mkuu.

Fundi_wa_Gadi: Shahidi, soma tena. Mtu anaweza kuwa na swipu ya zamani na goti la juzi. Na inaeleza hata kwa nini imekufa ghafla: siyo kwamba wameijua, ni kwamba anasimama nusu njia na wiza inamkuta hapo. Hadithi hii inakaa. Lililobaki ajibu swali la uzito.

Chini_Daima: Sina haja ya kutunga. Video siweki, nina watu wa kupambana nao. Uzito: wakibana wiza wananiegemea, wanataka kunigandamiza bega la kushoto lishuke.

Fundi_wa_Gadi: Ungesema hivyo saa ile. Anayekuegemea hasukumwi kwenda kwake, anavutwa anakotaka kwenda. Bana wiza yake: kiwiko cha kushoto kigande kwenye mbavu, mkono wake usichomoke. Mkono wa kulia uingie ndani ya paja la mguu ulionaswa. Subiri asukume, kisha ingiza nyonga chini yake, lala kwenye bega la kushoto na umbebe apite juu yako. Unyayo wa mguu wako wa juu ubaki umeukulabu mguu wake mwanzo hadi mwisho, ukiachia anauchomoa, anazunguka nyuma yako. Na usianze yeye akiwa amejivuta nyuma, utajilaza chali mwenyewe.

Shahidi_wa_Pili: Hiyo naikubali. Chai bado nainusa.

Mzee_wa_Pointi: Ukimaliza hiyo usisherehekee, unatua juu huku miguu imesokotana. Sekunde 3.

Chini_Daima: Leo jioni naijaribu. Vipi dipu hafu, kumkumbatia paja na kuingia chini kabisa? Nayo haina magoti.

Dada_Kimura: Haina magoti ya kupiga, ila uzito wote unakaa juu ya miguu yako iliyofumbata, na akigeuka kuelekea miguuni goti la kulia ndilo linalosokotwa. Iache. Hiyo ya kubiringisha ifanye na mtu asiyekinza, akuegemee polepole kwanza, goti la kulia likiwa limelala mkekani bila uzito. Likivuta upande wa ndani hata kidogo, achia mguu wake, akupite.

Chini_Daima: Akinipita ni pointi 3 zake.

Dada_Kimura: Ndiyo.